Brugge na Gent kwa siku moja ya Januari: mwongozo kamili kwa anayetoka Brussels baada ya wageni kuondoka

Kila Januari hadithi ni ile ile. Wageni wa Krismasi na Mwaka Mpya wameshaaga, nyumba imetulia, wenyeji wanasema sasa ni zamu yetu kutoka. Inachaguliwa Jumamosi. Watu wanaamka taratibu, wanakunywa chai, wanafika Brugge saa saba mchana, wanahangaika kutafuta chakula mpaka jikoni zinafungwa, wanapanga foleni mahali pamoja, na wakitoka nje giza linaingia. Jioni wako Brussels na miguu yenye baridi, wanasema kule hakuna kitu.

Kitu kipo. Brugge na Gent ni miji miwili ya Ubelgiji ya Enzi za Kati iliyohifadhiwa vizuri kabisa, iko kwenye njia moja ya reli, na Januari ndiyo wakati pekee unaoweza kusimama katikati ya daraja bila kusukumwa. Tatizo ni mpango. Mwanga wa Januari ni mfupi, na anayepanga siku yake kwa tumbo au kwa usingizi hupoteza nusu yake. Kwa hiyo hatua zote hapa zinafuata mwanga: mji unaotaka jua unakwenda asubuhi, mji unaopendeza kwa taa unakwenda jioni.

Saa nimeziandika kama zilivyo kwenye ubao wa stesheni. 9:00 ni saa tatu asubuhi, 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Usicheke, kuna watu wamekosa treni kwa hesabu hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Viatu vya kufunika kifundo, vyenye soli yenye meno. Barabara za katikati ya miji hii ni za mawe, na mawe yakilowa huteleza.
- Koti refu lisilopitisha maji, lenye kofia yake. Mwavuli acha nyumbani: upepo wa Bahari ya Kaskazini utaugeuza.
- Fulana ya ndani ya mikono mirefu, sweta, skafu, glavu, kofia ya kufunika masikio na soksi nene, pamoja na jozi moja ya akiba kwenye mfuko wa plastiki.
- Kitambulisho halisi, si picha yake. Sheria ya Ubelgiji inamtaka kila aliyefika miaka 15 atembee nacho.
- Kadi ya benki, na sarafu za senti 50 na euro moja kwa ajili ya vyoo.
- Betri ya akiba ya simu na waya wake. Baridi hula chaji, na tiketi zako zitakuwa humo.
- Chupa ya chai, na sambusa zilizobaki kwenye friza baada ya wageni. Hazitachukua nafasi ya chakula cha mchana, ila zitakuokoa saa nne asubuhi.
- Tiketi 3 za treni na tiketi 1 ya kanisa kuu la Gent yenye saa maalumu. Maelezo yako Hatua ya 2.

Bajeti ya mtu mzima mmoja, pamoja na treni, viingilio viwili na milo miwili ya kukaa mezani, mimi huiwekea takriban euro 100. Ukila chipsi mchana na kurudi kula nyumbani, itashuka sana.

## Hatua ya 1: Chagua siku, na uichague vizuri

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kabla mtu hajavaa viatu.

Kwanza wiki. Soko la Krismasi la Brugge hukunjwa siku za mwanzo za Januari, na shule hufunguliwa baada ya hapo. Anza kuhesabu kutoka wiki ambayo watoto wamerudi darasani. Kuanzia hapo hadi likizo ya shule ya Karnivali mji uko mikononi mwa wakazi wake.

Sasa siku ya wiki. Jumatatu iondoe kwenye hesabu, makumbusho mengi hufungwa. Jumatano asubuhi uwanja mkuu wa Brugge, Markt, una gulio. Ni zuri kwa mboga, jibini na kuku wa kuokwa, lakini vibanda vinaziba majengo uliyokuja kuyaona, na mchana shule zote za nchi hii hutoa watoto mapema. Ijumaa jioni wanafunzi wa Gent hurudi kwao na masanduku ya nguo chafu, na treni hujaa. Jumamosi ya Januari ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ya punguzo la bei: kisheria huanza tarehe 3 Januari na kuendelea hadi tarehe 31. Mtaa wa maduka unageuka Kariakoo.

Inabaki Jumanne na Alhamisi. Chagua Alhamisi.

Kama kazini hawakupi ruhusa, nenda Jumapili, usiende Jumamosi. Jumapili asubuhi kanisa kuu la Gent liko kwenye ibada na wageni wa kutazama huanza kuingia 13:00, lakini kwa mpango huu utafika huko alasiri, kwa hiyo hupotezi chochote. Maduka mengi yatakuwa yamefungwa, jambo ambalo kwa mfuko wako ni neema.

Tahadhari: Januari ndiyo mwezi ambao wenye mikahawa wengi huenda likizo. Ukiona mlangoni karatasi yenye maneno *jaarlijks verlof*, wamefunga kwa mapumziko ya mwaka. Usiweke moyo kwenye mkahawa mmoja ulioona mtandaoni. Chagua miwili au mitatu na uangalie tarehe zao.

Umefaulu hatua hii kama una Jumanne, Alhamisi au Jumapili kwenye kalenda, na pembeni yake siku ya pili ya akiba.

## Hatua ya 2: Kata tiketi kwa mpangilio huu

Anza na Gent, si na treni. Katika kanisa kuu la Sint-Baafs kuna mchoro ambao watu huvuka bahari kuufuata, kazi ya ndugu wawili wachoraji, Van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432. Kuuona kunahitaji tiketi yenye saa maalumu, na saa hiyo ndiyo itakayoshika siku yako yote. Chukua nafasi ya 15:00 au iliyo karibu zaidi. Usichukue ya mwisho kabisa: treni ikichelewa dakika 20, umeikosa.

Kisha treni. Nunua vipande vitatu tofauti: Brussels hadi Brugge, Brugge hadi Gent, Gent hadi Brussels. Wengi hununua tiketi ya kwenda na kurudi Brugge wakidhani Gent, kwa kuwa iko njiani, wanaweza kushuka, kuzunguka na kupanda tena. Tiketi ya kawaida haijatengenezwa kwa mizunguko hiyo. Vipande vitatu vinaondoa mabishano na mkaguzi.

Nunua kwenye programu ya SNCB, shirika la reli la Ubelgiji, au kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, kwa sababu ndani ya treni kuna nyongeza ya bei. Kama unasafiri na watoto wa chini ya miaka 12, angalia kwanza masharti yao, maana kwa kawaida hawalipi wakiwa na mtu mzima mwenye tiketi.

Tahadhari: wafanyakazi wa reli hugoma, na Januari si mwezi mtakatifu kwao. Mgomo hutangazwa mapema na ratiba ya dharura hutolewa siku moja hivi kabla. Fungua programu jioni ya kuamkia safari na uangalie treni yako bado ipo.

## Hatua ya 3: Jua jina la mji kwa Kiholanzi

Hatua hii inawahusu hasa ndugu zetu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura, ambao Kifaransa wanakijua vizuri na ndicho kinachowaponza. Brussels matangazo ni kwa lugha zote mbili. Ukishaingia Flandria, eneo la Wabelgiji wanaosema Kiholanzi, sauti ya treni na ubao wa stesheni husema Kiholanzi tu. Mtu anasubiri kusikia "Gand", anatangaziwa "Gent" na anabaki ameketi.

Bruges ni Brugge. Gand ni Gent. Ostende ni Oostende, Courtrai ni Kortrijk, Anvers ni Antwerpen. Lille, ambao uko Ufaransa, utauona umeandikwa Rijsel. Kikubwa zaidi ni cha kurudi: Bruxelles-Midi inaandikwa Brussel-Zuid. Ukiwa Gent usiku, usitafute neno "Midi" kwenye ubao.

Na stesheni ya Gent unayoitaka ni Gent-Sint-Pieters. Ipo nyingine inaitwa Gent-Dampoort, hiyo iache.

## Hatua ya 4: Vaa kwa ajili ya unyevu

Joto la Januari huku mara nyingi liko kati ya nyuzi 1 na 7 juu ya sifuri, na theluji si ya kila mwaka. Mtu akisoma hizo tarakimu anasema si baridi ya kutisha. Kinachoumiza ni maji: hewa ya mifereji, manyunyu, upepo unaotoka baharini. Tabaka tatu nyembamba zinashinda koti moja zito, kwa sababu utaingia na kutoka kwenye majengo yenye joto siku nzima, na ukitoa jasho ndani, nje litageuka barafu mgongoni.

Utajua umevaa sawa kama ukisimama dakika kumi nje bila kutembea huoni haja ya kuruka-ruka.

## Hatua ya 5: Ondoka mapema

Katikati ya Januari jua huchomoza karibu 8:40 na kuzama karibu 17:05. Mwishoni mwa mwezi unapata karibu dakika 20 zaidi kila upande. Una saa nane na ushei za mwanga, basi.

Panda treni kati ya 8:00 na 8:30. Kutoka Brussel-Zuid hadi Brugge ni kama saa moja. Utakaa ndani wakati wa giza na kushuka mwanga umekamilika, na hapo ndipo ilipo faida yote: giza umelitumia kusafiri. Wanaosubiri kupambazuke ndipo watoke nyumbani hulitumia giza kinyume.

Kaa kwenye behewa la kawaida. Namba 1 mlangoni ni daraja la kwanza, na mkaguzi hatataka kujua hukuiona.

## Hatua ya 6: Brugge kwa miguu, nje kwanza

Toka stesheni upande wenye kibao cha *Centrum*. Usichukue basi. Watu hupanda basi mpaka Markt, wanaanza na uwanja mkuu, na hivyo wanairuka sehemu iliyo nzuri kuliko zote, ambayo ni mwendo wa dakika kumi tu kutoka kwenye treni.

Vuka barabara kubwa, fuata bustani hadi kwenye maji. Hapo ni Minnewater, na asubuhi ya Januari utakuwa wewe, mabata-maji na mtu mmoja na mbwa wake. Endelea hadi daraja dogo linaloingia Begijnhof. Hii ni kambi ya nyumba nyeupe iliyoanzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake waliotaka kuishi maisha ya sala bila kufunga nadhiri za utawa za kudumu. Leo wanaishi watawa wa Kibenedikto. Ongea kwa sauti ya chini, watoto wasikimbie, na usichungulie madirisha. Ni nyumba za watu.

Kutoka hapo pita Walplein kuelekea mnara mrefu wa matofali, ule wa kanisa la Bikira Maria, wenye mita 115 hivi. Nyuma yake kuna daraja la mawe lenye mvuto mkubwa, Bonifaciusbrug, na kila mtu hulipiga picha akiamini ni la karne ya 13. Lilijengwa mwaka 1910. Sisemi usipige picha. Nasema tu usimdanganye mama mkwe.

Fuata mfereji wa Dijver hadi Rozenhoedkaai, ile kona iliyoko kwenye kila kalenda ya Ubelgiji. Majira ya joto hapa unasubiri zamu. Sasa simama utakavyo. Jua la Januari liko chini hata saa tano asubuhi, kwa hiyo likitoka linapaka kuta za matofali rangi ambayo Julai huipati.

Kisha uwanja wa Burg, wenye ukumbi wa mji ulioanza kujengwa mwaka 1376, na hatua chache mbele, Markt. Mnara wa kengele hapo ni Belfort: mita 83, ngazi 366, njia nyembamba ambayo wanaopanda na wanaoshuka hupishana kwa kubanana. Mimi Januari siupandi. Siku ya mawingu utalipa, utatweta, na huko juu utaona wingu. Kengele zake 47 husikika bure ukiwa chini. Lakini mbingu zikiwa safi na magoti yako yako sawa, panda, na iwe kabla ya 11:00.

Tahadhari mbili. Boti za mifereji karibu zote hupumzika baridi hii, kwa hiyo usiwaahidi watoto boti. Na farasi wa mikokoteni hawasimami kwa ajili yako. Ukisikia kwato kwenye mawe, sogea pembeni kwanza, utazame baadaye.

Kipimo cha mafanikio: 11:15 umeshatembea kutoka Minnewater hadi Markt, umekunywa chai yako mara moja kwenye benchi, na hujaingia jengo lolote bado, labda Belfort tu.

## Hatua ya 7: Ndani ya Brugge, kitu kimoja tu

Sasa vidole vina ganzi. Ndio wakati wa kuingia ndani. Chagua kimoja.

Chaguo langu ni Sint-Janshospitaal, hospitali ya karne ya 12 ambayo sasa ni makumbusho, yenye kazi za mchoraji Hans Memling. Ukumbi wa wagonjwa wenyewe, na mihimili yake ya mbao, unaeleza Enzi za Kati kuliko vibao vyote ukutani. Ng'ambo ya barabara liko kanisa la Bikira Maria, lenye sanamu ya marumaru ya Mama na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo, mojawapo ya chache zilizotoka Italia akiwa hai. Sehemu ya mbele ya kanisa unaingia bure. Upande wenye sanamu una kiingilio. Chochote kati ya hivyo viwili kitakurudisha nyuma dakika chache kutoka Markt, na si hasara, kwa sababu ndiyo njia ya stesheni.

Ukijaribu makumbusho mawili na mnara, umeshaipoteza Gent.

## Hatua ya 8: Kula kabla ya 13:00

Jikoni nyingi za huku hupika mchana kuanzia 12:00 hadi 14:00, kisha hufungwa hadi 18:00. Anayetokea 14:30 akiwa na njaa huambiwa kahawa ipo, chakula hakuna. Ingia 12:00 kamili. Uliza *dagschotel*, chakula cha siku. Siku za kazi huwa cha bei nafuu na huja haraka.

Kama hutaki kukaa mezani, vibanda viwili vya kijani chini ya Belfort huuza chipsi. Wanaojali halali wasikilize hapa: chipsi za Kibelgiji kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na baadhi ya wauzaji tu hutumia ya mimea. Uliza kabla ya kuagiza. Vilevile *stoverij*, nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu mpaka inaachia, hupikwa kwa bia. *Waterzooi* ni mchuzi mzito wa kuku au samaki wenye krimu na mboga, na kwa baridi hii ndio ungeagizwa na bibi yako.

Maji ya mezani hulipiwa, na wakati mwingine bei yake inakaribia ya bia. Ndiyo maana una chupa.

Tumia choo cha mkahawa kabla ya kuondoka.

## Hatua ya 9: Hamia Gent

Kutoka katikati ya Brugge hadi stesheni ni dakika 20 hadi 25 kwa miguu. Kama miguu imegoma, mabasi ya De Lijn, kampuni ya usafiri wa umma ya Flandria, yenye bango *Station* yapo. Lenga treni ya karibu 13:45. Safari ni kama dakika 25, na treni ni nyingi, kwa hiyo ukikosa moja usikimbie kwenye ngazi zilizolowa.

Ukishuka Gent-Sint-Pieters usianze kutembea. Mji mkongwe uko kilomita mbili na nusu hivi, na njia yenyewe haina cha kukushikilia. Panda tramu T1 hadi Korenmarkt. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine ndani na yamekwisha. Kila mtu agusishe kadi yake.

Utajua uko sawa kama 14:45 umesimama Korenmarkt.

## Hatua ya 10: Gent, kutoka mchoro hadi taa

Tembea dakika tano hadi Sint-Baafs. Onyesha tiketi, chukua maelezo ya sauti, na usiwe na haraka. Watu huwa wanaingia, wanaangalia mchoro mzima mara moja, wanasema mzuri, wanatoka. Fanya hivi badala yake. Simama mbali uone umbo lake. Kisha sogea na uchague sehemu moja: nyasi, vito, au uso wa mwanakondoo wa katikati, ambao baada ya usafishaji wa miaka ya karibuni unakutazama kwa macho ya binadamu mpaka unaona haya. Mwisho angalia paneli ya chini kushoto kabisa. Ni nakala. Ya asili, ya Waamuzi Waadilifu, iliibwa Aprili 1934 na mpaka leo haijapatikana. Watoto waliochoka huamka wakisikia habari hiyo.

Toka ifikapo 16:15. Anayetaka ngome badala ya mchoro anaweza kubadilisha: Gravensteen, iliyojengwa na Philip wa Alsace, mtawala wa Flandria, mwaka 1180, ina kuta, mahandaki na vyombo vya mateso, na vijana huipenda kuliko kanisa. Lakini kuingia kwa mwisho ni mapema kuliko saa ya kufunga, kwa hiyo kufanya vyote viwili katika alasiri moja ya Januari ni kujitafutia ugomvi.

Sasa jambo ambalo siku nzima ilikuwa inalilenga. Nenda Sint-Michielsbrug, daraja la mawe pembeni ya Korenmarkt, na uwe juu yake karibu nusu saa kabla ya jua kuzama. Upande wa mashariki minara mitatu imejipanga mmoja nyuma ya mwingine: Sint-Niklaas, Belfort ya Gent, Sint-Baafs. Upande wa kaskazini, chini, kuna gati mbili zinazotazamana, Graslei na Korenlei, zilizokuwa bandari ya Enzi za Kati. Gent ina mpango rasmi wa taa wa mji mzima, uliotengenezwa ili majengo yamulikwe bila kuchoma macho. Jua likishazama, kwa dakika 20 hivi anga huwa bluu ya wino na taa zimeshawaka; ukipiga picha kabla ya hapo utapata kijivu, baada ya hapo utapata weusi. Hii ndiyo sababu Gent ni ya jioni. Brugge nayo ina taa, lakini mitaa yake ya pembeni hulala mapema, nawe ungekuwa unatembea kwenye kiza ukisikia viatu vyako mwenyewe.

Shuka gatini, vuka, rudi upande wa pili. Kwenye Groentenmarkt nunua *cuberdon*, peremende ya zambarau yenye umbo la koni ambayo ndani ni majimaji. Nunua chache. Haziwekeki muda mrefu, na mtu mmoja hamalizi tano.

Ukitaka kula usiku, vichochoro vya Patershol viko nyuma ya ngome na jikoni hufunguliwa 18:00. Kuwa mlangoni saa hiyo hiyo. Siku ya kazi ya Januari utapata meza bila kuweka nafasi. Tahadhari ya mwisho ya Gent: reli za tramu zikilowa ni kama sabuni. Zivuke kwa kuzikata, usizifuate kwa urefu, na hasa ukiwa na kigari cha mtoto.

## Hatua ya 11: Kurudi

Tramu T1 kurudi Gent-Sint-Pieters, kisha treni ya Brussel, nusu saa hivi. Kabla ya kupanda amua unashuka wapi: Zuid, Centraal au Noord. Treni nyingi hupita zote tatu kwa mfuatano huo, na anayesinzia hugutuka akiwa ameipita ya kwake. Vua soksi zilizolowa, vaa zile za akiba.

## Mambo yakivurugika

Mvua ya kutwa nzima. Usiahirishe kwa manyunyu; ukiahirisha kwa manyunyu huku utasafiri Mei. Ahirisha kwa tahadhari ya upepo mkali, maana bustani hufungwa na treni huchelewa.

Barafu asubuhi. Chelewa saa moja. Katikati ya mji humwagwa chumvi, lakini madaraja madogo na Begijnhof hubaki na utelezi mpaka jua liyafikie.

Umefika Brugge 11:00 badala ya 9:00. Acha kitu cha ndani, usiache njia ya Minnewater hadi Markt. Kula 12:30, endelea na treni ile ile.

Umeikosa saa yako Sint-Baafs. Nenda mezani uulize kwa upole kama kuna nafasi inayofuata. Siku ya kazi ya Januari mara nyingi huwa ipo. Ikikosekana, geukia mnara wa kengele wa Gent, ambao tofauti na wa Brugge una lifti kwa sehemu kubwa ya safari.

Mtoto au mzee amechoka saa nane mchana. Gawa kundi. Mmoja akae naye kwenye mkahawa wa Korenmarkt na chokoleti ya moto, wengine waende Sint-Baafs, mkutane darajani 16:30. Kumburuza mchovu kanisani kwa saa nzima kutawanyima wote mchoro na jioni pia.

Treni zote zimefutwa ukiwa Gent. Angalia programu kabla ya kutoka katikati ya mji, usiende kuganda stesheni. Mkahawa una joto, stesheni haina.